KITIMOTO, DANZI NA SUFURIA YA BIBI

 

Wiki hii nalipa deni. Kila kijiwe ninachopita washikaji wananibana na swali moja: eti ile nyama ya nguruwe ya kizungu, inayong'aa kama imepigwa vanishi, imechanjwa vijimraba halafu imechomekwa karafuu, ile wanayoiita hemu, mtu wa chumba kimoja Manzese anaweza kuipika? Jibu langu ni kwamba anaweza, tena kwa jiko la mkaa. Hakuna oveni wala nini.

Maelekezo nitakupa yote, usiwe na wasiwasi. Ila yatakuja pamoja na kasheshe iliyonikuta Pasaka ya mwaka 2024 kule Mabwerebwere, wilayani Kilosa, nyumbani kwa akina mama yangu. Nimeamua kuisema hadharani maana ukipika kama nilivyopika mimi siku ile, msosi utakuwa bomba kabisa na wewe mwenyewe utaumbuka.

Kwanza tuelewane hemu ni kitu gani. Hemu ni paja la nyuma la nguruwe lililolazwa kwenye chumvi kwa siku kadhaa kabla ya kupikwa. Wazungu walianza mambo hayo zamani, kabla ya mafriji. Walichinja nguruwe baridi inapoanza, wakatia chumvi, na ilipofika Pasaka paja limeiva kwa chumvi na liko tayari kwa sherehe. Siku hizi viwandani wanaongeza chumvi maalumu inayoipa nyama ile rangi ya waridi. Majirani zetu Kenya wana Farmer's Choice, na sisi Arusha ikajulikana kwa Happy Sausages. Ile chumvi ya kiwandani ukiikosea kipimo ni sumu, kwa hiyo nyumbani achana nayo. Hemu yako itatoka na rangi ya kijivu badala ya waridi, na hakuna mgeni atakayekuuliza akishaonja.

Sisi Bongo nguruwe tumemzoea kwa njia moja: nusu kilo ya kukaanga, ndizi mbili, kachumbari, pilipili na ndimu ya kukamulia juu. Majina tumempa hadi yeye mwenyewe hajijui. Kitimoto, mbuzi katoliki, mdudu, mkuu wa meza. Wakongwe wanakwambia jina la kitimoto lilitokana na mlaji kutotulia kwenye kiti, jicho moja kwenye sahani na jingine mlangoni, asije akapita shemeji au baba mwenye nyumba akamwona. Na sio utani mtupu. Mwezi Aprili mwaka 1993 mabucha ya nguruwe hapa Dar yalivamiwa na kuvunjwa, watu wakakamatwa, magazeti yakajaa habari hiyo. Tangu hapo nchi imetulia na kitimoto imepata mabango barabarani, lakini ile tabia ya kula kwa kujificha bado tunayo. Mie ninayo. Au nilikuwa nayo.

Sasa twende Mabwerebwere.

Bibi mzaa mama ni Mwislamu, swala tano hazimpiti. Mjomba alipooa, miaka ishirini na kitu iliyopita, alimfuata mkewe kanisani akabatizwa. Maneno yalikuwa mengi wakati ule, lakini yalikwisha. Nyumba mbili zikabaki kwenye uwanja mmoja. Wanachota maji bomba moja, kuku wao wanalala banda moja, wajukuu wanakula popote njaa inapowakutia. Kitu kimoja tu hakichanganywi, nacho ni vyombo. Sufuria za bibi zinaanikwa kwenye uchanja wake, za mkaza mjomba kwenye wa kwake. Hata mtoto wa miaka mitatu pale anajua.

Mwaka 2024 Pasaka iliangukia tarehe 31 Machi, katikati ya mwezi wa Ramadhani. Mimi nikaona ndiyo nafasi yangu ya kwenda kujidai kwa binamu zangu. Kijana ametoka Dar, anaandika gazetini, lazima alete kitu cha mjini. Nikaamua kupeleka hemu ya machungwa.

Kazi ilianzia Dar. Nikaenda bucha yenye muhuri wa mkaguzi wa nyama, nikanunua paja kilo tatu, nikamwambia muuzaji atoe mfupa aache ngozi. Hapo kwenye muhuri naomba unisikilize. Nguruwe anayezurura na kula kinyesi anabeba tegu, na nyama yake inakuwa na vijifuko vyeupe kama punje za mchele. Mayai ya tegu huyo yakiingia tumboni kwa mtu kwa uchafu wa mikono au maji, yanaweza kumpanda mpaka kwenye ubongo na kumletea kifafa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro wamelifanyia kazi suala hilo miaka mingi. Kwa hiyo usinunue nyama ya kichochoroni. Na ukiona bei imeshuka ghafla mtaa mzima, uliza kwanza. Homa ya nguruwe ikiingia, watu huwahi kuuza wanyama wagonjwa. Homa hiyo haimdhuru binadamu, ila inamaliza mabanda ya wafugaji wengine, na nyama ya mgonjwa ndiyo inayoisambaza.

Chumvi yake ni hivi. Chukua maji lita tano, chumvi gramu 400, sukari gramu 200, majani mawili ya mdalasini na pilipili manga nzima kijiko kimoja. Chemsha chumvi iyeyuke, kisha acha maji yapoe kabisa. Kabisa maana yake kabisa, ukitumbukiza nyama kwenye maji ya uvuguvugu umeiozesha. Zamisha paja, weka sahani juu lisielee, funika, ingiza kwenye friji siku nne. Kila siku ligeuze. Huna friji? Muombe mwenye friji, au ahirisha. Chumvi kiasi hicho bila ubaridi haitoshi kuzuia nyama isiharibike kwa joto la Dar. Siku ya tano litoe, lioshe, lifunge kwa uzi wa katani likae umbo la duara.

Mimi langu nililitoa alfajiri ya Jumamosi, nikalipanga kwenye ndoo yenye mfuniko na barafu za kutosha, nikapanda basi Mbezi. Morogoro nikaongeza barafu. Kilosa nikachukua bodaboda, ndoo nimeikumbatia kama mtoto mchanga. Nikafika usiku nyama bado ya baridi.

Tatizo likaja kwenye machungwa. Machungwa ya Muheza, ambayo ndiyo mengi tunayokula hapa Dar, hujaa sokoni kuanzia katikati ya mwaka. Mwezi Machi nilipata mawili tu, ya kijani, magumu kama mpira wa tenisi. Nikakaa nawaza, ndipo nikanyanyua macho nikaona mti ulioko nyuma ya nyumba ya bibi. Danzi!

Watoto wa mjini danzi hamlijui. Ni ndugu yake chungwa, ganda lake limekwaruza kidogo, ndani ni chachu halafu lina uchungu wa mbali. Ukilila hivihivi unafumba jicho. Uzuri wake linavumilia, linakaa mtini miezi mingi bila kuanguka. Na kwenye mapishi ya nguruwe ndilo hasa linalotakiwa. Wafaransa mchuzi wao wa bata kwa machungwa ulipikwa kwa danzi tangu zamani. Waingereza jamu yao ya maganda inatoka kwenye danzi la Hispania. Wacuba hawachomi nguruwe bila kumlaza kwenye maji ya danzi na vitunguu saumu. Sababu ni rahisi: mafuta ya nguruwe yanafunika ulimi, uchachu unayakata, na ule uchungu kidogo unazuia sukari isije ikakukinaisha. Chungwa tamu peke yake linakupa pipi.

Asubuhi ya Pasaka nikaenda barazani kwa bibi. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba mume wangu," akaitika, amekaa kwenye mkeka wake. Nikamwomba danzi.

"Za nini?"

Hapo ndipo nilipoanza kuharibu. Ningeweza kusema. Lakini nikaona aibu kumtajia nguruwe mtu aliyefunga, tena bibi yangu mwenyewe. Nikazuga.

"Za juisi, bibi."

Akanitazama kidogo. "Juisi ya danzi. Haya, chuma. Ya juu ndiyo yaliyoiva."

Nikachuma nane.

Tuliporudi kanisani watu walikula wali na kuku mchana, hemu ikapangwa kuliwa usiku. Saa tisa alasiri nikawasha moto. Hemu kabla ya kupakwa chochote inachemshwa kwanza. Unaizamisha kwenye maji safi yasiyo na chumvi, unatia kitunguu, karoti na kipande cha tangawizi, unachemsha kwa moto mdogo, maji yawe yanatikisika tu bila kutokota kwa fujo. Hesabu nusu saa kwa kila nusu kilo. Kilo tatu ni masaa matatu. Ukiharakisha kwa moto mkali nje inakuwa kamba, ndani bado. Ukitaka kujua imeiva, choma kwa kisu katikati: kisu kiingie bila kubishana na maji yatoke meupe. Kwa kuwa hatukutia ile chumvi ya kiwandani, ukiona waridi ndani ujue haijaiva. Rudisha kwenye moto.

Sasa paja la kilo tatu linataka sufuria kubwa, na sufuria kubwa ya mkaza mjomba ilikuwa ndogo. Nililijaribisha paja, likachungulia nje. Mkaza mjomba alikuwa ametoka kwenda kuwapa watu wa Pasaka, mjomba amelala. Nikaangaza macho. Kwenye uchanja wa bibi palikuwa na sufuria moja kubwa ya alumini, inang'aa, imefunikwa kifudifudi.

Wasomaji, sitawadanganya kwamba nilisahau. Nilijua ni ya nani na nilijua kwa nini iko pale. Nikajiambia, nachemsha mara moja, naiosha kwa sabuni, naifunika kifudifudi vilevile, nani atajua? Nikaichukua.

Masaa matatu yakaenda vizuri. Huku nyama inachemka nikaandaa ule ung'arishaji wake. Nakupa kipimo. Kwaruza maganda ya danzi mawili, ile rangi ya juu tu, usifike kwenye nyeupe. Kamua danzi manne na machungwa mawili upate kikombe kimoja na nusu. Tia sukari kikombe kimoja. Mimi nilitumia ile ya rangi ya udongo ya Kilombero, na kiwanda kimojawapo cha Kilombero, cha Ruembe, kiko hukohuko wilayani Kilosa, kwa hiyo nilikuwa napika cha nyumbani. Tia tangawizi iliyosagwa kijiko cha chai, haradali ya kopo kijiko cha chakula, karafuu tatu. Usitie chumvi, nyama inayo tayari. Bandika kwenye chungu cha udongo au sufuria ya chuma kisichopata kutu. Alumini hapana, maana maji ya danzi yakichemkia humo kwa muda mrefu yanachukua ladha ya bati. Pika taratibu mpaka iwe nzito, ukiinua kijiko inashuka polepole kama asali. Gawa mara mbili. Nusu ni ya kupaka, nusu ni ya mchuzi.

Ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili, nimejaa furaha, binamu zangu wamekaa kwenye benchi wananusa na kunisifia. Mkaza mjomba amerudi, anaosha miguu bombani. Mara akaja mtoto mdogo wa jirani anakimbia.

"Bibi anasema mpe sufuria yake kubwa. Anataka kupika uji wa futari, ana wageni."

Hakuna aliyejibu. Mkaza mjomba akageuka akaangalia uchanja wa bibi. Halafu akaangalia jikoni kwangu. Mfuniko ulikuwa unaruka-ruka.

"Hiyo sufuria umeichukua wapi?" akaniuliza.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mkaza mjomba ni mtu mpole, sijawahi kumwona amekasirika, lakini jioni ile alitetemeka. "Miaka yote hii," akasema kwa sauti ya chini, "miaka yote hii nimeishi na mama mkwe kwenye uwanja huu, sijawahi hata kugusa mwiko wake. Wewe umekuja kwa siku mbili." Akaishia hapo. Akajifunga khanga vizuri, akaenda kwa jirani Mwislamu kumwazimia bibi sufuria nyingine, futari isichelewe.

Mimi nikapiga moyo konde, nikaenda barazani. Bibi alikuwa na wanawake wenzake watatu, kokwa za tende ziko kwenye kisosi tayari kwa kutupwa, maana walikuwa wametoka kuzibangua. Nikapiga magoti. Nikasema yote, sufuria na nguruwe. Wale wakina mama wakaangalia pembeni. Bibi hakupaza sauti. Alisema hivi: "Sasa hivi nina futari. Kesho asubuhi uje na sufuria yangu."

Hemu tuliila usiku ule. Nitakwambia jinsi tulivyoimalizia, maana kazi ni kazi. Ukishaichemsha unaitoa, inapoa kidogo, unamenya ngozi kwa kisu unaacha mafuta meupe. Unayachanja mafuta hayo kwa kukatiza mistari upate vijimraba, kila kijimraba unachomeka karafuu moja ya Pemba. Halafu unachukua chungu kipana, unapanga mawe madogo yaliyooshwa chini ili nyama isigusane na moto, unaiweka, unapaka ule urojo wa danzi, unafunika kwa mfuniko wa bati na kuweka makaa juu. Moto wa chini mdogo, wa juu mwingi, kama unavyooka mkate wa kumimina. Baada ya dakika kumi funua, paka tena. Dakika kumi nyingine, paka tena. Mara tatu, basi, nusu saa imetosha. Watu wengi hapa ndipo wanapoharibu: wanapaka sukari tangu mwanzo. Sukari haina subira, inaungua na kuwa chungu kabla nyama haijapata rangi. Chumvi inatangulia siku nne, sukari inakuja nusu saa ya mwisho.

Ile nusu ya pili unaiongezea maji ya danzi kidogo na kikombe cha supu ya nyama, lakini onja supu kwanza isije ikawa chumvi tupu. Koroga konfulawa kijiko cha chai kwenye maji baridi, mimina, chemsha mpaka uwe mchuzi unaong'aa. Acha nyama ipumzike robo saa ndipo ukate vipande vyembamba. Inaliwa na ndizi za kuchemsha, viazi, au ugali kwa mtu wa Kilosa kama mjomba, ambaye alisema hajawahi kuona nguruwe mtamu namna ile. Binamu zangu walilamba vidole. Mimi niliila, ilikuwa nzuri kweli, lakini nilikuwa nimekaa mgongo ukutani ili nisiuone mlango wa bibi. Kitimoto halisi hiyo.

Jumatatu ya Pasaka, jua halijapanda, nikaenda na sufuria. Nilikuwa nimeshaisugua usiku kwa sabuni na mchanga mpaka nakiona kidevu changu ndani. Bibi hakuigusa.

"Sabuni sio hesabu yetu," akasema. "Inaoshwa mara saba. Mara moja katika hizo kwa udongo. Nenda kachimbe udongo safi kule migombani, uje hapa mbele yangu."

Kwa mafundisho ya Kishafii, ambayo ndiyo wanayofuata Waislamu wengi wa pwani na bara yetu, ndivyo inavyotakiwa chombo kilichoguswa na nguruwe: maji mara saba, moja ikiwa na udongo. Nikachimba. Nikachota maji. Bibi amekaa kwenye mkeka na tasbihi yake, mimi nimechuchumaa uani kama denti aliyechelewa namba, na uwanja mzima unatazama.

"Ya kwanza hiyo ya udongo. Zungusha mpaka kwenye masikio ya sufuria. Mwaga. Haya, ya pili."

Nilipofika ya nne akauliza, "Na danzi zangu, ulikunywa juisi?"

Nikasema, "Hapana bibi. Nilipikia ileile nyama."

"Nilijua. Danzi nane juisi ya mtu mmoja!" Wajukuu wakacheka, yeye hakucheka. "Mjomba wako amekula nyama hiyo kwenye uwanja huu tangu hujui kutembea. Nimewahi kumfukuza? Siku anachinja anakuja kuniambia, mama leo kuna moshi, nami nafunga dirisha langu. Hajawahi kunificha. Danzi ungeniambia ningekupa. Sufuria ungeniambia ningekwambia hapana, ukatafute debe. Sasa umenidanganya na mimi nimefunga, kwa kitu ambacho ningekupa. Ya tano hiyo, mwaga."

Sikuwa na la kujibu. Nikamwaga.

Ya saba ilipokwisha akainuka, akaichukua sufuria kwa mikono yake, akaikagua kwenye mwanga, akaenda kuifunika kifudifudi kwenye uchanja wake. Nilidhani ataitupa au atampa mtu. Hakuitupa. Mkaza mjomba alikuwa mlangoni kwake ameshika kitambaa mdomoni, na ndiye aliyepumua kuliko mimi.

Sasa tuzungumze sisi wa mjini. Mimi na wewe tunaishi nyumba za kupanga, vyumba sita, koridoo moja, bomba moja, na nusu ya wapangaji wanafunga Ramadhani. Tunaazimana vitu kila siku: kisu, mbuzi ya nazi, kinu, sufuria ya shughuli. Ni utaratibu mzuri na umetulea. Lakini siku ukipika mkuu wa meza, usiazime. Nunua sufuria yako, kisu chako, mwiko wako na ubao wako wa kukatia, uviweke chumbani kwako sio koridoni. Beseni la kuoshea liwe lake. Choo kisiwe na harufu ya mafuta yako. Mwambie jirani kabla hujawasha jiko, "Mama fulani, leo nina kitimoto, nitapika nje upande wa upepo." Atakachofanya ni kufunga dirisha lake. Akigundua mwenyewe kwamba mbuzi yake ya nazi ilikwaruza maganda ya danzi ya nguruwe wako, hapo hakuna sabuni, na wewe sio mjukuu wake wa kukuhesabia mpaka saba.

Na kama unataka wote wale, lipo jambo rahisi. Ule mchuzi wa danzi hauna nguruwe ndani mpaka wewe umtie. Upike kwanza, kwenye chombo safi, kabla hujagusa nyama. Gawa. Wa jirani peleka mapema, akalie na kuku au samaki wa kuchoma. Wa kwako ndio uongeze supu.

Hilo mimi sikulibuni. Idi ya mwaka ule ilikuwa Jumatano, tarehe 10 Aprili. Nilikuwa nimesharudi Dar, nikapiga simu kwa mjomba kumtakia bibi mkono wa Idi, moyo unadunda. Mjomba akampa simu. Kwa nyuma nasikia makelele ya watoto na vyombo.

"Idi Mubarak bibi, shikamoo."

"Marahaba. Tumepika pilau kwenye sufuria yako." Akasema hivyo, yako, nikajua nimesamehewa ila sitasahauliwa. "Na huyu mkwe wangu kaniletea maelezo ya ule mchuzi wako. Nimeumwagia kuku."

"Ukoje bibi?"

"Sukari umezidisha. Kikombe kizima cha nini? Mimi nimetia nusu, nikaongeza pilipili."

Nimejaribu hiyo nusu na pilipili. Bibi ana haki. Kwa hiyo kwenye kile kipimo nilichokupa hapo juu, futa kikombe kimoja cha sukari, andika nusu, na tia pilipili mbuzi moja nzima uitoe kabla haijapasuka.

Wapenzi, nafasi imekwisha. Mkipika mnikumbuke, na mkiazima semeni ukweli. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.